Ziba Nyufa Kabla ya Kushua: Mwongozo wa Kujitayarisha Kuacha Sigara

Ukipita ufuoni Gazi au Msambweni ukakuta mashua imepandishwa juu kutengenezwa, simama kidogo umtazame fundi anayekalafati. Kabla ya kushika nyundo hupitisha kidole kwenye kila maungio ya mbao, polepole, na kidole kinapozama huweka alama. Kisha husokota pamba aliyoitia mafuta, huipachika ufani kwa patasi na kuigongomea mpaka ibane. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na muda wote huo chombo hakijagusa maji. Mwenye mashua hasemi anapotezewa wakati. Anajua kwamba ufa ulioachwa pwani utamdai katikati ya bahari.

Kuacha sigara ni vivyo hivyo. Wengi waliojaribu wakarudia, kuanzia Tiwi mpaka Vanga, walikuwa na nia ya kweli. Waliamka asubuhi moja, wakavunja pakiti, wakaapa mbele ya mke na watoto, wakashua chombo na nyufa zake zote. Siku ya tatu maji yakawajaa, nao wakajiita dhaifu. Mwongozo huu ni wa siku zinazotangulia kiapo. Jipe wiki mbili za matayarisho, na katika wiki hizo hulazimiki kuacha hata sigara moja.

Jua kinachokushika

Mmea wa tumbaku hutengeneza nikotini ili kujikinga na wadudu wanaokula majani yake. Ukiivuta kwa moshi, hupita mapafuni, huingia damuni na kufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hivi. Huko hukuta vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya kemikali ya mwili wenyewe, hujifanya ndiyo hiyo kemikali, na kufungulia dopamini, ile inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni jema, lirudie.

Mvutaji hukokota moshi mara 10 hivi kwa sigara moja. Anayevuta sigara 10 kwa siku ameufundisha ubongo wake somo hilo mara 100 leo, na zaidi ya mara 36,000 kwa mwaka. Ni machache maishani mwetu tunayoyarudia mara nyingi kiasi hicho. Ndiyo maana mkono huenda mfukoni kabla wewe mwenyewe hujajua unatafuta nini.

Ubongo uliozoea nikotini huongeza vipokezi, navyo vinataka kulishwa. Lakini nusu ya nikotini iliyo damuni huondoka kila baada ya saa 2 hivi. Ikishuka, vipokezi huanza kudai: hasira za bure, wasiwasi, akili isiyotulia, mdomo unaotafuta kitu. Sisi wa pwani tuna neno lake, arosto. Wengi hulitumia kwa watu wa unga tu, lakini arosto ya sigara ni ya ukoo uleule. Sigara ya alfajiri huwa tamu kuliko zote kwa sababu usiku kucha nikotini imekuwa ikipungua, na umeamka na arosto.

Basi unaposema sigara inakutuliza, jiulize imekutuliza na nini. Mara nyingi imekutuliza na shida iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Ni kama mkopeshaji anayekupa mkopo mpya ulipe riba ya ule wa zamani, halafu unamshukuru.

Jambo jingine la kujua mapema: kinachokufunga ni nikotini, lakini kinachoua zaidi ni moshi. Ndani ya moshi wa sigara mna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani. Mna pia kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Tofauti hiyo itakusaidia utakapofika kwenye dawa.

Wala usijione uko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta watu wazima milioni 2.5 nchini Kenya wanatumia tumbaku, wanaume 19 katika kila 100. Wapo wanaovuta, wapo wanaonusa ugoro, wapo wanaoweka kuberi mdomoni. Kama ulikuwa unafikiria kuacha sigara ukahamie kuberi, shisha au vile vifuko vya nikotini vinavyouzwa kwenye vikopo vya rangi rangi, fahamu kwamba mkopeshaji ni yuleyule, amebadilisha kanzu.

Pima uraibu wako

Kipimo kinachotumiwa duniani kilitungwa na mtaalamu wa Sweden, Karl Fagerström. Maswali yake mawili yanakutosha kuanzia.

La kwanza: ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kuwasha sigara ya kwanza? Dakika 5 au chini ya hapo, jipe alama 3. Kati ya dakika 6 na 30, alama 2. Kati ya 31 na 60, alama 1. Zaidi ya saa nzima, sifuri.

La pili: unavuta ngapi kwa siku? Zisizozidi 10, sifuri. Kati ya 11 na 20, alama 1. Kati ya 21 na 30, alama 2. Zaidi ya 30, alama 3.

Jumlisha. Ukipata 0 hadi 2, uraibu wa mwili si mkubwa, na mapambano yako zaidi ni ya mazoea. Ukipata 3 au 4, ni wa wastani. Ukipata 5 au 6, mwili umeshikwa barabara, na kuacha kavukavu bila dawa ni kujitesa. Alama hizo hazipimi uanaume wala imani ya mtu. Zinakuonyesha tu unahitaji zana gani.

Wiki ya kwanza: pitisha kidole

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni, au kata karatasi uiviringishe kwenye pakiti. Kwa siku 7 vuta kama kawaida, lakini kabla ya kuwasha kila sigara andika mambo manne: saa, mahali, uko na nani, na hamu yako ni kali kiasi gani kuanzia 1 hadi 5. Tuseme wewe ni dereva wa tuktuk Ukunda. Ukurasa wako huenda ukasomeka hivi:

Saa 11:40 alfajiri, mlangoni, peke yangu, 5.
Saa 2:15 asubuhi, stejini, baada ya chai na mahamri, wenzangu wanne, 3.
Saa 4:00, stejini, hakuna abiria, 2.
Saa 7:30 mchana, baada ya wali, 4.
Saa 9:00, nimegombana na askari wa trafiki, 5.
Saa 11:00 jioni, maskani, muguka, 4. Nyingine. Nyingine.
Saa 3:00 usiku, barazani, kahawa, 3.

Usijihukumu, andika tu. Wengi hushtuka kukuta kwamba baadhi ya sigara zao zina 1 au 2, yaani waliziwasha bila hata kuzitaka. Hizo ndizo za kwanza kuondoka.

Siku ya saba piga hesabu ya fedha. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilikataza kuuza sigara moja moja, lakini vibandani bado ndivyo zinavyouzwa, na bei ya moja haishtui mtu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ukinunua sigara 10 kwa siku kwa shilingi 15 kila moja, ni shilingi 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi, 54,750 kwa mwaka. Andika jumla yako kwenye jalada la daftari, na chini yake andika kitu kimoja ambacho fedha hizo zingefanya nyumbani kwako.

Sigara nne, nyufa nne

Sasa soma daftari lako na uipange kila sigara katika mojawapo ya mafungu manne, maana kila fungu lina kizibo chake.

*Sigara ya mwili.* Ni ile ya alfajiri, na ile unayoiwasha baada ya safari ndefu. Inaletwa na arosto tupu. Kizibo chake ni dawa, tutakayoieleza hapa chini, na kubadilisha mpango wa asubuhi: ukiamka, oga kwanza, piga mswaki, kunywa maji, ondoka mlangoni.

*Sigara ya mkono.* Ni ile unayoiwasha kwa sababu mkono hauna kazi: stejini bila abiria, langoni usiku kwa bawabu wa hoteli, ufuoni wakati wa kusi bahari ikiwa imechafuka na vyombo vimelala. Upe mkono na mdomo kitu. Mswaki wa mti unafaa mno, kwani unashikika, unatafunika na kila mtu ameuzoea. Karafuu moja chini ya ulimi, kipande cha tangawizi, iliki au kipande cha muwa vinasaidia. Mabuyu pia, ingawa sukari yake uitazame.

*Sigara ya watu.* Ni ile ya kupewa. Mwenzako anakunyooshea, au mtalii ufuoni Diani anakukaribisha ili mazungumzo yaanze. Ufa huu huzibwa kwa maneno, na maneno yanataka kuandaliwa mapema. Usiseme "sina hamu sasa", maana atakuuliza tena baada ya saa moja. Sema, "Nimeacha, kaka. Hata nikikuomba, usinipe." Waambie hivyo watu watatu wa karibu kabla ya siku yenyewe. Mkubwa wako akikupa, mjibu kwa heshima: "Shikamoo mzee, ahsante, lakini nimeacha, niombee dua." Ni wachache watakaoendelea kukusukuma baada ya hapo. Kwa wafanyakazi wa hoteli kuna mtego zaidi: wavutaji hupata nafasi ya kutoka nje ya jiko kidogo. Usiiache nafasi hiyo. Toka, kunywa maji, tembea, rudi.

*Sigara ya moyo.* Ni ya hasira, huzuni na madeni. Ndiyo inayowarudisha wengi hata baada ya miezi. Hamu kali haidumu. Kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo unachohitaji ni kitu cha kukupitisha dakika 5: kutembea mpaka nguzo ya mwisho ya barabara, kutia udhu, kumpigia dada au rafiki mmoja uliyemwambia mapema, "Nikikupigia saa yoyote, niongeleshe tu." Namba yake iweke ya kwanza kwenye simu.

Muguka, mnazi na kahawa

Haya matatu yanataka mazungumzo ya peke yake, kwa sababu mwongozo ulioandikwa mbali na pwani hauyajui.

Muguka na sigara ni mapacha. Handasi, ule mchangamko wa kutafuna muguka, ikipanda, sigara hufuatana kama shanga, na mtu anayevuta 3 mchana huvuta 8 kabla ya kulala. Kama daftari lako linaonyesha hivyo, kuacha sigara huku ukiendelea kukaa maskani jioni ni kazi ngumu sana. Kama huwezi kuacha vyote kwa pamoja, angalau kwa mwezi mmoja usiketi pale unapotafuna.

Pombe na mnazi hulewesha mlinzi wako wa ndani. Aliyeapa asubuhi ni mwingine kabisa na aliyeketi mangweni saa 2 usiku. Kaa mbali kwa wiki 4 za mwanzo.

Kahawa ndiyo isiyojulikana. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini upesi. Ukiacha kuvuta, kafeini ileile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hata vikombe vinne kutoka kwenye dele vikakupiga karibu kama vinane. Moyo utadunda, usingizi utakimbia, nawe utadhani ni arosto na kuwasha sigara. Kuanzia siku unayoacha, kata kahawa na chai ya rangi kwa nusu.

Mfungo ni shahidi wako

Kama wewe ni Mwislamu na unafunga Ramadhani, basi kila mwaka unakaa saa 13 hivi bila sigara, siku 29 au 30 mfululizo. Nusu ya nikotini ikiondoka kila saa 2, kufikia Magharibi karibu yote imetoka damuni. Kumbuka siku za mwanzo zilivyokuwa, kichwa kinagonga, maneno makali yanakutoka, na kumbuka zile za baadaye zilivyokuwa nyepesi kuliko hizo. Mwili wako umeshatoa ushahidi kwamba unaweza. Kilichokuwa kikikurudisha ni ile sigara inayofuata tende. Ukichagua kuachia Ramadhani, panga jioni yako: futari, maji mengi, sala, kisha tarawehe pamoja na mtu asiyevuta. Mkristo anaweza kuitumia Kwaresma kwa namna hiyohiyo.

Wiki ya pili: chagua siku, tafuta dawa

Weka tarehe ya kuacha, uiandike. Itazame kalenda yako ya kweli. Mfanyakazi wa hoteli asichague Desemba wageni wanapofurika. Usichague siku ya harusi ya mdogo wako. Mvuvi achague siku za kaskazi, bahari imetulia na kazi ni nyingi, akaiache pakiti pwani. Sigara isiyopanda chomboni haivutiki.

Shirika la Afya Duniani liliingiza bidhaa za nikotini za kuachia sigara kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropion na varenicline. Kupata dawa pamoja na mtu wa kukushauri huongeza nafasi ya kufaulu zaidi ya mara mbili. Kibandiko cha nikotini hubandikwa kwenye ngozi na kutoa nikotini polepole mchana kutwa, bila moshi wake. Bigijii ya nikotini hutumika hamu inapopanda, na wanaowasha ndani ya dakika 30 baada ya kuamka huhitaji ya miligramu 4, wengine ya miligramu 2.

Usiitafune kama bigijii ya dukani. Tafuna polepole mpaka usikie mwasho kama wa pilipili manga, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi. Mwasho ukiisha, tafuna tena kidogo, uegeshe upande wa pili, hivyo kwa nusu saa. Usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla yake. Ukiitafuna haraka na kumeza mate, utapata kwikwi na kiungulia, useme dawa haifai.

Uliza kwenye maduka ya dawa ya Ukunda au Kwale, au nenda kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni, au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukifika, sema waziwazi: "Nataka kuacha sigara, navuta kiasi hiki, ya kwanza nawasha dakika kadhaa baada ya kuamka." Omba upimwe presha. Kama una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, omba upimwe kifua kikuu, kwani mvutaji yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo. Lazima umwone daktari kwanza kama una mimba, umepatwa na ugonjwa wa moyo hivi karibuni, una kifafa, unatumia insulini, au unameza dawa za pumu au za akili. Baadhi ya dawa hizo hubadilika nguvu mwilini moshi ukiondoka. Ukitaka mtu wa kuzungumza naye kwa simu, namba 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo.

Jioni ya mwisho, toa kila kitu: pakiti, vipisi, laita, kisahani cha majivu. Fua shati na koti, na osha tuktuk ndani. Usifiche moja "ya dharura", maana dharura itakuja siku hiyohiyo.

Baada ya kushua

Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka, na ndani ya siku moja au mbili kaboni monoksaidi imetoka damuni. Wakati huohuo arosto inapanda. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi, kisha hupungua kwa wiki 2 hadi 4. Tarajia njaa, usingizi wa vipande, kukosa choo, hata kikohozi kuzidi kidogo mapafu yanapojisafisha. Kunywa maji, kula matunda, waambie wa nyumbani wakuvumilie. Huzuni nzito ikipita wiki mbili, rudi kwa daktari. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa imepungua kwa nusu.

Na ukiteleza ukavuta moja? Kuteleza si kuanguka. Usinunue ya pili. Toa daftari, andika saa, mahali, nani na hamu kiasi gani. Umegundua ufa ambao kidole chako kiliupita.

Hata mashua iliyokalafatiwa vizuri, siku za kwanza majini huvuja. Mvuvi analijua hilo, hapigi yowe wala haikimbii. Hukaa na kopo, huteka maji na kuyamwaga baharini, hukaa, huteka tena. Mbao zikishakunywa maji huvimba, zikabana zenyewe, na siku moja anatazama chini akakuta sakafu ni kavu. Kopo lako ni lile daftari, ule mswaki na ile namba ya simu. Viweke karibu, na uendelee kuteka mpaka mbao zibane.